Pingi inajibu, ila anayejibu sio sava

Aisee katika matatizo yote ya netiweki hakuna ninalolichukia kama hili la kuja na kuondoka. Mtandao ukifa moja kwa moja mbona raha, unafuata waya mpaka unakuta panya kautafuna au swichi imeungua, unabadilisha unaenda zako kula. Huu mwingine unakata, unapigiwa simu, ukifika kila kitu kinapeta na wenye ofisi wanakuangalia kama umekuja kula nauli yao bure.

Kazi yenyewe ilikuwa ofisi ya tours huku Arusha, maeneo ya Njiro. Wana sava ndogo ya Linux, yaani kompyuta ya pamoja ya ofisi, iko stoo, imebeba programu ya bukingi na mafaili ya mhasibu, intaneti haihitaji, watu wanaifikia humohumo ndani kwa waya na waifai. Malalamiko ni kwamba sava inapotea, tena sio kwa wote! Dada wa bukingi haipati kabisa, mhasibu meza ya pembeni anapiga kazi, baadaye wanabadilishana. Fundi aliyepita kabla yangu alishabadili kebo na swichi, na ofisini kila mtu ana mtuhumiwa wake, wengi umeme, maana mji huu umeme unabebeshwa hata dhambi zisizo zake.

Nikaanza na sava yenyewe. `ethtool`, amri ya kuangalia hali ya waya, inasema 1000Mb/s full duplex, yaani gigabiti kamili, `dmesg` ambayo ni kumbukumbu za mfumo haina hata mstari mmoja wa linki kushuka, `ip -s link` inayohesabu makosa inasema errors sifuri. Kebo mbovu haiwezi kukaa kimya namna hiyo, spidi ya gigabiti inataka jozi zote nne za nyaya, jozi moja ikilegea kwenye plagi mara nyingi utaona imeanguka hadi 100 au namba za errors zinapanda tu. Kwa hiyo kebo nikaachana nayo.

Sasa utamu ulipo. Nikakaa kwenye kompyuta ya dada wa bukingi, pingi, yaani kale kaujumbe ka kuuliza "upo?", kwenda 192.168.1.50 ambayo ndiyo anwani ya sava, naiacha inakimbia. Muda mrefu inajibu chini ya milisekunde 1, ndivyo inavyotakiwa kwa waya. Mchana mchana hivi majibu yakaruka ghafla, 40, 90, mara 200, na hapohapo programu ikagoma. Ila pingi haikukata! Nikajaribu ssh, njia ya kuingia kwenye sava ukiwa mbali, ikaniambia connection refused. Hapa wengi wanapita bila kuangalia. Ingekuwa timeout, yaani unasubiri hadi muda unaisha bila jibu, ningesema hakuna mtu huko, lakini refused maana yake kuna mtu yuko hai kwenye hiyo anwani na anakwambia mlango huo kwake haupo. Na kwenye sava ssh ilikuwa inatembea, nilikuwa nimetoka kuiona.

Yaani kuna kifaa kingine kinatumia IP ya sava, ile anwani yake ya 192.168.1.50.

ARP, utaratibu wa kompyuta kutafutana humo ndani kwa anwani, ndivyo ilivyo toka ilipoandikwa mwaka 1982, kompyuta inapiga kelele humo ndani "nani ana 192.168.1.50?" na anayejibu anaaminiwa, hakuna kuulizwa kitambulisho. Wakijibu wawili, kila kompyuta inashika jibu lake, ndio maana mmoja anafanya kazi na jirani yake hafanyi. Na ndio maana wakizima sava na kuwasha inaonekana kupona, kwa sababu ikiwaka inaanza kuongea na wenzake na wote wanaisajili upya, halafu baadaye kidogo kimeo kinarudi. Jamani kabla ya kuzima na kuwasha angalia kwanza, ushahidi mwingi unapotelea hapo.

Nikachomeka laptop yangu kwenye swichi, nikapiga `arping -I eth0 192.168.1.50`, amri inayouliza swali hilohilo la ARP, majibu yakaja mawili, MAC mbili tofauti, yaani namba za utambulisho za vifaa viwili. Moja ya sava, nyingine inaanza na da. Kutafuta mtengenezaji wake ni kupoteza muda, tarakimu ya pili ikiwa 2, 6, a au e mara nyingi hiyo MAC ni ya kubuniwa, na simu ndio zenye tabia hiyo, Android kuanzia toleo la 10 na iPhone kuanzia iOS 14 zinajitungia MAC kwenye waifai. Basi chalii wenu nikaiblok kwenye rauta nikakaa nasubiri nani atalalamika.

Haikuchukua muda, dereva mmoja ametoka Karatu na wageni, kapaki gari uani, anauliza mbona waifai leo inamkataa yeye tu.

Maskini hana kosa lolote. Rauta ilikuwa inavigawia vifaa anwani yenyewe kuanzia .20 hadi .200 (hiyo ni namba ya mwisho ya anwani), na aliyefunga sava akaipa .50 kwa mkono katikati ya hilo fungu bila kuiambia rauta. Rauta nyingine zinapingi kwanza kabla ya kugawa, ila sava ikiwa imezimika wakati huo, labda umeme umekatika, anwani inaonekana ipo wazi inatolewa, na simu ikisharudi inaomba ileile ya zamani (kwa hiyo umeme ulihusika kidogo, ila sio walivyodhani). Ndio maana pia mwezi wa nne na wa tano kulikuwa kimya, mvua, magari yamelala, madereva wako makwao. Kuanzia wa sita wageni wakijaa na simu zinajaa, sava inaanza kupotea.

Dawa yenyewe fupi. Fungu la rauta nikalipeleka .100 hadi .200, chini ya hapo ni vifaa vya anwani ya kudumu tu, madereva na wageni nikawawekea waifai yao ya pembeni isiyogusa sava. Kwa wenye Windows, `arp -a` wakati tatizo lipo na wakati halipo, linganisha MAC ya anwani hiyohiyo, ikibadilika umeshamaliza kazi. Printa nayo nikaikuta kwenye .60, humohumo kwenye fungu la zamani, yenyewe ilikuwa inasubiri zamu yake tu.