Nilivyopigania usingizi wangu wa mchana chini ya helikopta za watalii

Nakaa Red Hook, Brooklyn, ghorofa ya tatu. Ukichungulia dirisha la sebuleni unaiona Sanamu ya Uhuru imesimama majini. Nilipohamia hapa nilimshukuru Mungu kwa mandhari ile, nikasahau kuwa na wengine wanaitaka, tena wao wanaitazama kwa juu, ndani ya helikopta, wakizungushwa robo saa kisha wanarudishwa walikotoka.

Kazi yangu ni kutunza wazee, zamu ya usiku. Natoka saa 1 asubuhi, na ikifika saa 2 na nusu nishaoga, nishakunywa chai, nimejilaza. Safari za watalii zinaanza kwenye saa 3. Usingizi ukianza kukolea tu, unausikia mvumo kwa mbali, kama mtu anakung'uta zulia. Unasogea. Vioo vinatetemeka, vikombe vya kabatini vinagongana, halafu inapita. Hujapitiwa tena, nyingine hiyo inakuja.

Siku moja nilikuwa naongea na mama yangu yuko Tanga. Akanikatiza: "Mwanangu, mnasaga nini huko?" Nikamwambia ni helikopta, mama. "Kuna mgonjwa?" Hapana, ni watalii wanatembezwa. Akanyamaza kidogo. "Sasa wewe unalala saa ngapi?"

Sikuwa na jibu. Wiki ile ile nilisinzia nikimlisha uji mzee mmoja, kijiko mkononi, na yeye ndiye aliyenigusa bega. Hapo nikaona hili si jambo la kuvumilia tena.

Nilianza na vizibo vya masikio vya sponji. Vinasaidia kwa sauti za watu na honi, lakini mapanga ya helikopta yanatoa sauti nzito ya chini, inapita ukutani na unaisikia mpaka kwenye godoro. Kilichonifaa zaidi ni kuhamishia kitanda chumba cha nyuma, kisichotazama maji, na kuwasha feni kubwa ya sakafuni iwe inavuma muda wote. Feni haiziui kelele zile, ila inazuia ule mshtuko wa kutoka kimya kabisa hadi kishindo, na mshtuko ndio uliokuwa ukiniamsha. Kama nawe unalala mchana, anza na hilo kabla hujatumia hela kwingine.

Upande wa malalamiko nilipoteza miezi kwa kutojua. Jijini New York unapiga 311, namba ya huduma za jiji, au unajaza fomu yao ya kelele za helikopta, na taarifa inapelekwa kwa shirika la jiji la maendeleo ya uchumi, linalosimamia viwanja vya helikopta vya jiji. Mimi nilikuwa naandika "kelele nyingi, inaruka chini sana" basi. Kumbe "chini sana" haina nguvu hata kidogo. Kwa sheria za Marekani, ndege ya kawaida ikipita juu ya makazi ya watu lazima iwe angalau futi 1,000 juu ya kizuizi kirefu kilicho karibu. Helikopta imeachiwa ishuke chini ya hapo, mradi isihatarishe watu. Kelele hazihesabiwi kuwa hatari. Nilipolisoma hilo nililia, nasema kweli.

Tena jiji halina mamlaka juu ya anga. Anga ni ya serikali kuu, kupitia FAA, shirika lake linalosimamia usafiri wa ndege. Jiji lina sauti pale tu helikopta inapoondokea kwenye kiwanja chake. Ndiyo maana mwaka 2016 jiji lilikubaliana na wafanyabiashara wa helikopta kupunguza safari za watalii za kiwanja cha kusini mwa Manhattan kwa nusu, zibaki chini ya 30,000 kwa mwaka, Jumapili zisiwepo, na wapite juu ya maji. Lakini helikopta inayoondokea New Jersey, jimbo jirani, haimo katika makubaliano hayo. Inavuka, inazunguka juu yetu, inarudi kwao. Jumapili pia.

Basi nikanunua daftari. Kwenye simu nikaweka programu ya kufuatilia ndege, ile inayoonyesha kila chombo kilipo, kimo chake na namba yake, inayoanza na herufi N kwa vyombo vyote vilivyosajiliwa Marekani. Kila nilipoamshwa niliandika saa, namba, kimo, imetoka upande gani, imegeukia wapi. Baada ya wiki tatu nilikuwa nazitambua. Ya polisi husimama hewani mahali pamoja. Ya hospitali hupita moja kwa moja, na hiyo sijawahi kuilalamikia wala sitailalamikia. Za matajiri wanaokwenda fukwe za Long Island hujaa Ijumaa alasiri kuelekea mashariki. Za watalii zinazunguka, na nyingine hazina milango, unaiona miguu ya abiria inaning'inia nje.

Daftari lilionyesha kitu ambacho macho yangu hayakukiona: karibu zote zilizoniamsha zilikuwa namba tano tu, za kampuni mbili, na zilikuwa zinakatiza kona juu ya nyumba zetu badala ya kugeukia majini. Nikaacha kuandika kuhusu kimo. Nikaandika kuhusu kona ile. Niliwaandikia kampuni zote mbili barua, nikaambatisha kurasa za daftari na mchoro wa njia, nikaomba jambo moja: mgeuke mkiwa bado juu ya maji. Nakala nikampelekea diwani wetu.

Kampuni moja ilinijibu baada ya siku kumi. Mtu wao aliniuliza maswali ya maana, na ndani ya mwezi kwenye simu niliona mistari ya njia zao imesogea magharibi, si yote, ila mingi. Nyingine haijanijibu mpaka leo, na Jumapili bado ni zao.

Tarehe 10 Aprili 2025 helikopta ya watalii ilianguka mto Hudson, karibu na Jersey City, ikawaua watu wote sita, familia iliyotoka Hispania wakiwemo watoto watatu, na rubani wao. Siku ile sikuandika chochote. Nilikaa kitandani nikiwawaza wale watoto. Kwa muda wote nilikuwa nimeona namba tu zinapita juu ya kichwa changu, na ndani yake mna watu, na chini yake tupo sisi, shule ipo, uwanja wa mpira upo.

Sasa nalala kwa muda wa saa tano, mara nyingine sita. Awali zilikuwa tatu. Mkuu wangu wa kazi alikubali nipumzike Jumapili na Jumatatu, kwa hiyo siku ile mbaya zaidi nakuwa sina usingizi wa kudai. Na daftari silijazi peke yangu. Mama mmoja wa Trinidad anayekaa juu yangu aliniuliza naandika nini ngazini, nikamweleza. Siku hizi nikiamka nakuta kipande cha karatasi chini ya mlango, mwandiko wake mkubwa: saa, namba, na neno moja, "paa" au "maji".