Omu 40 badala ya 60

Nimetoka shifti ya usiku saa moja asubuhi hii, nimeoga, chai ipo mezani inapoa na usingizi hauji kabisa, basi acha niandike kabla sijasahau.

Wanaonisoma siku zote wanajua niko kiwanda cha vinywaji hapa Dar, upande wa umeme, mwaka wa pili sasa. Laini yetu ya kujazia chupa inaendeshwa na PLC moja (kompyuta ndogo ya kuongoza mitambo), na vifaa vyake karibu vyote, sensa, valvu, draivu za mota za konveya, vinaning'inia kwenye kebo moja ndefu inayopita chini kwa chini, mtandao wa DeviceNet. Ni mtandao wa zamani, wa 1994, na mafundi wenzangu wanasema umepitwa, viwanda vipya vinafunga Ethaneti. Sawa, ila kwetu ndio unaotuweka mjini na mimi nimeshaupenda.

Wiki tatu zilizopita laini ikaanza kusimama ovyo. Inakwenda saa mbili freshi, ghafla kimya, chupa zimesimama, watu wote wanageuka kuniangalia. Skana ya mtandao iliyoko kwenye raki ina kidirisha kidogo cha tarakimu mbili, inakuonesha namba ya kifaa halafu namba ya kosa, vinapokezana: 17, 78, 17, 78. 78 ni kwamba skana inamwita 17 na 17 haitiki. Ukizima ukawasha, anaitika kama hakuna kilichotokea. Tukatoa kifaa kipya stoo tukafunga (na hapo kuna kitu cha kushika, kifaa kipya kinatoka kwenye boksi kikiwa na namba 63, usipokipa namba yake skana itaendelea kumlilia 17 mpaka kesho, na ukifunga viwili vipya kwa pamoja vyote vina 63, kimoja kitawasha taa nyekundu na kugoma). Kesho yake ikaja 22 na 72, yaani alikuwa anaongea akanyamaza katikati. Halafu 09. Halafu 17 tena, yule mpya.

Muda wote huo mimi nilikuwa kwenye laptopu. Tangu chuo nilijengewa picha kwamba fundi wa PLC ni yule aliyefungua programu, lada (programu ya PLC inayochorwa kama ngazi) imejaa skrini, mistari inawaka kijani, na watu wamesimama nyuma yake wanamwangalia. Nimekaa siku nne nafuata mstari mmoja mmoja. Programu ile imeendesha laini miaka na hakuna aliyeigusa, sasa ingejibadilisha yenyewe usiku ili iweje? Mzee wetu wa mitambo aliniambia mapema tu, mwanangu, nyumba moja ikiwa giza kagua nyumba, mtaa mzima ukiwa giza kagua nguzo. Nikaitikia ndiyo baba, nikarudi kwenye skrini.

Kilichonifungua macho ni Jumapili kwa kaka yangu Ilala, fundi magari. Kulikuwa na gari la mteja dashibodi imewaka taa zote kama harusi. Nikategemea atachomoa ile mashine ya kusoma makosa, wapi, katoa terminali ya betri, kachukua mita, kachomeka pini kwenye soketi ile ya chini ya usukani, tundu la 6 na tundu la 14. Ikasoma omu 60.3 (omu ni kipimo cha ukinzani wa umeme). Akasema waya wazima, twende kwingine. Nikamuuliza hiyo 60 inatoka wapi. "Mdogo wangu si wewe ndo umesoma umeme? Kuna rezista ya omu 120 kila mwisho wa njia, ziko mbili, ukizipima pamoja unapata nusu."

Nilinyamaza. DeviceNet imekaa juu ya CAN, lugha ya vifaa kuongea kwenye waya mmoja, ile ile ambayo Bosch waliitoa 1986 kwa ajili ya magari, na mimi hilo nimelijibu kwenye mtihani nikapata na maksi. Zile rezista, vipande vidogo vya kuzuia umeme, zinameza mawimbi yakifika mwisho wa waya, bila hivyo yanarudi nyuma kama sauti kwenye chumba kitupu na vifaa vinasikia maneno mawili kwa wakati mmoja. Najua yote hayo na sikuwahi kuweka mita pale.

Jana saa nane usiku ikasimama, 31 na 78. Supavaiza wa uzalishaji anataka iwashwe tu, nikamwambia bosi naomba dakika kumi, akasema binti dakika kumi unajua ni kreti ngapi? Mzee akasema mpe. Nikazima pawa ya mtandao, ile ya volti 24, maana ukipima omu waya ukiwa na umeme mita inakudanganya. Pini moja kwenye waya mweupe, nyingine kwenye wa bluu, ndizo nyaya zinazobeba mawasiliano. 40.6. Nikagusanisha pini zenyewe kwa zenyewe nikidhani mita mbovu, 0.3. Nikarudia. 40.6.

Ingekuwa 120 ningejua rezista moja imetoka. 40 ni 120 kugawa kwa tatu, kuna mgeni. Nikachukua tochi nikaifuata kebo kwa magoti. Ya kwanza ipo kwenye paneli, ya mwisho ipo kwenye mashine mpya ya kufungia nailoni, na ya tatu nimeikuta kwenye boksi la maungio chini ya konveya, imekazwa vizuri kabisa, mistari yake kahawia, nyekundu, nyeusi, nyeusi, kahawia, yaani omu 120. Pale ndipo palikuwa mwisho wa laini kabla haijarefushwa kwa ajili ya hiyo mashine. Waliorefusha walifunga rezista mwisho mpya, ya zamani ikabaki, na kila kifaa kikawa kinasukuma mzigo wa zaidi, ishara ikapungua nguvu, wa mbali wakawa wanasikia kwa kubahatisha.

Nimeitoa. 60.8. Nimerudisha pawa, taa za vifaa zikapepesa kijani halafu zikatulia moja moja kuelekea mwisho wa ukumbi, na skana ikaandika 00, namba yake yenyewe. Machozi yalinilenga, sisemi uongo. Mzee aliichukua ile rezista akaigeuza geuza kwenye mwanga, akanirudishia bila neno. Iko hapa pembeni ya kikombe.

Mpaka natoka ilikuwa imekwenda saa nne na ushee bila kusimama, ni chache, siwezi kusema imepona. Leo usiku nataka nipime shildi, ile ganda la chuma linalokinga kebo na kelele za umeme, inatakiwa iguse athi (ardhi) sehemu moja tu, pale kwenye pawa saplai, na lile boksi nililolifungua jana sikupenda nilivyoiona imekaa.