Bakuli la oili kwenye Massey Ferguson 135

Kwenye trekta kuukuu la 135, hewa hupita kwenye bakuli la oili kabla ya kuingia kwenye injini. Msimu wa vumbi, lifungue kila siku. Tope la vumbi chini ya bakuli likifika karibu sentimita 1, mwaga yote, osha kwa dizeli (petroli hapana), kausha, kisha tia oili mpya ya injini mpaka kwenye alama. Usizidishe! Injini ikiifyonza oili hiyo inaweza kupandisha mizunguko yenyewe, hata ukivuta kizimio. Oili ikipungua kwenye bakuli, vumbi hupenya na kula ringi za pistoni na silinda.

Wavu wa juu nao uoshwe, uchuruzike kabisa. Ukiziba, moshi mweusi hutoka, na mafundi wengi hukimbilia kufungua pampu ya dizeli bure. Hozi ya mpira ya kupeleka hewa kwenye injini ikipasuka ibadilishe, usiifunge gundi.