Watoto Arobaini wa Khanbaliq

Juzi mama mkwe alikuwa jikoni anamenya ndizi, anaimba Tantum ergo, ule wimbo wa Kilatini wa kanisani, kwa sauti ya chini. Mdogo wetu akaniuliza, "Baba, na wewe unaujua? Unasemaje?" Ninaujua wote. Maana yake niliipata ukubwani.

Nikamkumbuka Faza wetu wa historia, kidato cha pili. Waliopita seminari watajua kwa nini ndiye huyohuyo aliyetufundisha kwaya. Wiki ile tulikuwa kwa Prester John, mfalme-kasisi aliyesemekana kutawala huko Mashariki. Mnamo 1165 barua yake ilianza kuzagaa Ulaya: wafalme 72 wanamlipa kodi, fimbo yake ya enzi ni zumaridi. Ya kughushi, lakini mwaka 1177 Papa Alexander III alimwandikia, akamkabidhi barua tabibu wake Filipo. Filipo hakusikika tena. Tulicheka sana. Mimi nilitaka habari za vito tu.

Ndipo Faza akatusomea barua ya mtu wa kweli, Giovanni da Montecorvino, Mfransisko, aliyoiandika Khanbaliq, Beijing ya leo, mwaka 1305. Ana miaka 58, mvi zimemjaa kwa taabu kuliko umri. Amemkuta mfalme Georgi wa Waöngüt, kabila la kaskazini mwa China, ambaye barua inasema ni wa ukoo wa Prester John. Georgi akaacha Unestori, madhehebu ya Wakristo wa Mashariki, akaifuata Roma, kisha akafa. Kanisa limejengwa, lina mnara na kengele tatu. Halafu: amenunua, kidogo kidogo, watoto arobaini wa wapagani, wa miaka saba hadi kumi na mmoja, akawabatiza, akawafundisha Kilatini na zaburi. Kaizari wa Wamongolia anapenda sana kuwasikia wakiimba.

Faza alikuwa ameshafika aya inayofuata. Mwenzetu mmoja, Msukuma mpole asiyeuliza kitu mwaka mzima, akanyoosha mkono.

"Faza, mama zao waliambiwaje?"

Tulitegemea akaripiwe. Faza akavua miwani, akaipangusa kwa kanzu, akaivaa. Akarudi mwanzo wa barua. Hakusoma kwa sauti. Kidole kilikuwa kinashuka mstari kwa mstari, midomo inacheza, sisi hatuthubutu hata kukohoa. Akageuza ukurasa. Akaurudisha. Nje mpishi alikuwa anagombana na mtu wa kuni, nikalisikia kila neno.

"Haisemi," akasema mwishowe. Kisha, kwa sauti ya mtu anayejisemea, "Na mimi nimeisoma miaka yote hii."

Jioni ile kwenye mazoezi ya kwaya alitueleza maana ya kila mstari kabla hatujauimba. Wiki moja tu. Mtihani ulipokaribia tukarudi kuimba kama kasuku.

Montecorvino alifanywa askofu mkuu mwaka 1307, akafia hukohuko. Aliyeuliza ndiye aliyevumilia hadi upadrisho. Mimi wa vito nilitokea mlango wa kidato cha nne. Nadhani kuna maana hapo. Mke wangu anasema haipo.