Nyumba ya Luchelele na chura wake

Nyumba yetu ya mkopo iliposhuka thamani chini ya deni la benki, shemeji yangu ndiye aliyenipa ushauri wa kwanza, na ndio mbovu kuliko yote: "Shem, wapelekee benki funguo zao, hameni. Nyumba yao, deni lao." Ningemsikiliza, leo ningekuwa nimepanga chumba huku nadaiwa vilevile. Benki ikiuza na pesa isifikie deni, kilichopelea wanakudai wewe.

Tulinunua Luchelele, Mwanza, kando ya Ziwa Victoria, mwaka 2017 kwa mkopo, mume wangu akasaini ridhaa ya mwenza. Nauza dagaa soko la samaki la Mwaloni, biashara ilikuwa imekaa vizuri. Nyumba ilikuwa nje ya zile mita 60 kutoka ziwani ambazo sheria inakataza kujenga, upepo wa ziwa mpaka chumbani, nikajiona mjanja wa Mwanza nzima. Mwaka 2020 ziwa likajaa, si mchezo. Kutoka ukuta wetu hadi majini nikahesabu hatua thelathini na kitu. Mthamini akaandika milioni 41. Tulikuwa tunadaiwa kama 58 hivi.

Nikaamua kuuza mwenyewe. Dalali akasema anamleta mzee mmoja wa dhahabu kutoka Geita, pesa mkononi. Siku tatu nilijiandaa kama bibi harusi. Ukuta wa sebuleni ulikuwa na alama ya unyevu, rangi ya chai ya maziwa, imepanda hadi usawa wa swichi. Nikaipaka rangi mara mbili, ikachomoza tena. Nikasogeza kabati la vyombo pale. Uani nikamwagisha lori zima la moramu kwa deni. Udi nilichoma mpaka mume wangu akatoka nje kukohoa.

Mzee akaja na kanzu yake nyeupe, akanywa soda, akasifu upepo. Tumefika milioni 55, dalali ananikonyeza, mara chini ya kabati: krrr. Kimya. Krrr. Mzee akauliza, "Simu ya nani hiyo?" Nikasema ya mtoto. Chura akatoka taratibu kama mwenye nyumba, akatulia mbele ya kiatu cha mgeni. Mzee akamtazama yeye, akanitazama mimi, akainuka akalisukuma kabati kwa mkono mmoja. Ile moramu niliilipa miezi minne.

Kijana mmoja wa msaada wa kisheria akanisomea Sheria ya Ardhi ya 1999. Ukishindwa kulipa, benki inakupa notisi ya siku 60 kabla ya kuuza. Ikiuza chini ya bei za nyumba kama yako kwa asilimia 25 au zaidi, una pa kuanzia kupinga. Nikafurahi, mpaka aliponiuliza nyumba za majirani zinauzwaje. Majirani wenyewe ndio hao wenye vyura.

Benki nilikwenda nikiwa nimechelewa mwezi mmoja tu, notisi haijaandikwa. Wengi hapo huzima simu. Nilibeba daftari langu la dagaa, linanuka kama lilivyo, ofisa wa mikopo akalifungua kwa ncha za vidole. Wakaongeza miaka, rejesho la kila mwezi likashuka. Riba ya jumla imekua, najua, usinikumbushe.

Hata hilo rejesho dogo sikuwa nalo kila mwezi. Ila nilikuwa nimeshaona kitu: mnunuzi anaogopa ziwa litakavyokuwa miaka kumi ijayo, mwanafunzi wa SAUT, chuo kikuu cha jirani, anaogopa kuchelewa kipindi cha asubuhi. Tukahamia kibanda cha uani, watu watano vyumba viwili, mama mkwe akanuna wiki nzima. Nyumba kubwa nikapangisha wanafunzi, wawili kila chumba, wanalipa muhula mzima kabla ya kuingiza godoro. Chuo kikifunga, dagaa ndio wanaolipa. Watu wa kausha damu, ile mikopo ya mtaani ya riba kubwa, walinipigia mara mbili wakitaka kunizibia miezi ya likizo. Nilikata simu, na mwenye akili afanye hivyohivyo.

Deni sasa linapungua taratibu. Maji yalirudi nyuma, mwaka 2024 yakapanda tena, hakuna mpangaji aliyehama. Juzi usiku binti mmoja wa mwaka wa kwanza kanipigia anatetemeka: "Mama, kuna chura bafuni!" Nikamwambia amwache, huyo ni mpangaji wa zamani, ila kodi ndiyo hajawahi kulipa.