Pesa ya serikali inaingilia wapi sayansi ya tabianchi

Chukua takwimu za kila mwezi za hewa ya ukaa kutoka Mauna Loa, Hawaii, uzisome kuanzia Machi 1958. Ukifika Februari 1964 utakuta pengo la miezi mitatu mfululizo. Mwezi huo, Machi na Aprili havina kipimo; namba unazozikuta hapo zimekadiriwa kutokana na miezi ya kabla na ya baada. Hakukuwa na mlipuko wa volkano. Bunge la Marekani lilipunguza bajeti, kazi ya Charles David Keeling, mwanasayansi aliyeanzisha vipimo hivyo, ikapungukiwa fedha na watu, vipimo vikasimama. Hewa ya Machi 1964 imeshapeperuka. Hata upewe mabilioni leo, huwezi kuipima.

Naanzia hapo kwa sababu mabishano ya pesa za serikali na sayansi ya tabianchi huanzia kwingine. Mtu atakwambia mkono mtupu haulambwi: serikali ndiyo inayolipa, basi mtafiti ataandika yanayoipendeza serikali. Ushawishi upo, na ni mkubwa. Lakini mlango unaoingilia ni wa uamuzi wa nini kipimwe, kwa miaka mingapi, na kipimwe na nani.

Tuifuate dola yenyewe. Kwa ruzuku ya National Science Foundation, taasisi ya serikali ya Marekani inayogawa fedha za utafiti, mtafiti huandika andiko la kuomba fedha ambalo maelezo ya mradi hayazidi kurasa 15. Wahakiki wa nje hulipima kwa vigezo viwili: uzito wa kisayansi na manufaa kwa jamii. Afisa programu hukusanya maoni yao na kupendekeza lipewe au linyimwe. Likipita, fedha zinaingia chuoni, si mfukoni mwa mtafiti. Piga hesabu rahisi: ruzuku ya dola 500,000 kwa miaka 3, katika chuo kinachotoza gharama za uendeshaji kwa asilimia 50 ya gharama za mradi. Chuo kinabaki na takriban dola 167,000, mradi unabaki na 333,000, yaani 111,000 kwa mwaka. Mwanafunzi mmoja wa udaktari, posho na ada zake, anaweza kumaliza zaidi ya nusu ya hizo. Profesa mwenyewe kwa kawaida haruhusiwi kujilipa zaidi ya mishahara ya miezi 2 kwa mwaka kutoka ruzuku za taasisi hiyo, tena kwa kiwango kilekile anacholipwa na chuo. Anayedhani watu hawa wanatajirika kwa kutangaza joto linapanda hajawahi kuiona bajeti ya mradi.

Hapo katikati pana udhaifu wa kweli, na nisingependa kuuficha. Wa kwanza ni maneno ya tangazo la ruzuku. Likisema "athari za ukame kwa kilimo", mtaalamu wa mawingu naye atatafuta namna ya kulipachika neno ukame ukurasa wa kwanza, na swali lake la msingi kuhusu mawingu litasogezwa pembeni. Wa pili ni wahakiki. Wanatoka fani ileile, kwa hiyo andiko la wazo geni kabisa hupata maoni ya tahadhari, na maoni ya tahadhari yanatosha kuliangusha pale fedha zinapokuwa chache. Tokeo lake ni watu wengi kulima shamba moja. Hata hivyo, hakuna ukurasa katika zile 15 ambapo mwombaji anaahidi jibu litakuwa nini.

Mfano ninaouona wazi kuliko yote ni wa setilaiti. Tangu mwishoni mwa 1978, vifaa vya mikrowevu vilivyobebwa na setilaiti vimekuwa vikipima mnururisho wa oksijeni angani, na kutokana nao watafiti hukokotoa joto la hewa. John Christy na Roy Spencer wa Chuo Kikuu cha Alabama, Huntsville, waliunda mfululizo wa takwimu hizo kwa fedha za mashirika ya serikali. Katika miaka ya 1990 takwimu zao hazikuonyesha ongezeko la joto la maana, na wakosoaji wa sayansi ya tabianchi walizipokea kwa furaha. Kama serikali ingekuwa inanunua majibu, hao wangekatiwa fedha mapema. Hawakukatiwa, tena NASA ilikuwa imeshawapa medali kwa kazi hiyo mwaka 1991.

Kosa lilikuwa kwenye hesabu, na lilifichuliwa na watu waliolipwa kutoka hazina ileile. Mwaka 1998 Frank Wentz na Matthias Schabel wa Remote Sensing Systems, California, walionyesha kwamba setilaiti hushuka kidogo kidogo kutokana na msuguano wa hewa nyembamba ya juu. Ikishuka, pembe inayotazamia dunia inabadilika, na mabadiliko hayo yanajitokeza kwenye takwimu kama ubaridi ambao haupo. Kosa la pili lilihusu saa. Setilaiti inayopita juu ya eneo saa nane mchana, miaka ikienda inaweza kuchelewa hadi ikawa inapita jioni. Jioni pana baridi kuliko mchana, kwa hiyo lazima uongeze marekebisho. Mwaka 2005 Wentz na Carl Mears walionyesha kwamba marekebisho ya Huntsville kwa ukanda wa tropiki yalikuwa na alama iliyogeuzwa: mahali pa kujumlisha palitolewa. Huntsville walikubali, wakarekebisha, na mwelekeo wao ukapanda kutoka takriban nyuzi 0.09 hadi 0.12 za Selsiasi kwa muongo. Bado wako chini ya baadhi ya makundi mengine, na mabishano hayajaisha, lakini sasa ni mabishano ya pembe, saa na alama, mambo yanayoweza kukaguliwa.

Njia ya pili ya kupima kama pesa hununua majibu ni kubadilisha mlipaji na kuangalia kama jibu nalo linabadilika. Mradi wa Berkeley Earth ulianzishwa na mwanafizikia Richard Muller, aliyekuwa na mashaka makubwa na takwimu za vituo vya hali ya hewa. Miongoni mwa waliomchangia ulikuwemo mfuko wa Charles Koch, tajiri wa mafuta, uliotoa dola 150,000. Mwaka 2011 wakatoa matokeo: nchi kavu imepata joto karibu nyuzi 1 tangu miaka ya 1950, sawa na walichokwisha kusema watafiti wa serikali. Nyuma zaidi, wanasayansi wa kampuni ya mafuta ya Exxon walikuwa wanakokotoa ongezeko la joto kwa fedha za kampuni tangu mwishoni mwa miaka ya 1970. Uchambuzi uliochapishwa 2023 ulikuta makadirio yao yalikuwa takriban nyuzi 0.20 kwa muongo, karibu kabisa na kilichotokea. Walipaji watatu wenye maslahi tofauti, na jibu likabaki lilelile.

Kwa hiyo unaposoma makala ya kisayansi, usiishie kwenye jina la mlipaji. Nenda sehemu ya shukrani karibu na mwisho, chukua namba ya ruzuku, itafute kwenye hifadhidata ya tuzo za taasisi husika. Kwa National Science Foundation utapata muhtasari wa mradi na kiasi kilichotolewa. Kisha uliza mambo mawili: je, takwimu na programu za kompyuta zimewekwa wazi ili mwingine arudie hesabu? Na mkataba unampa mlipaji haki ya kuona makala kabla haijachapishwa? Nyaraka zilizotolewa Februari 2015 zilionyesha kwamba mtafiti mmoja wa kituo cha Harvard-Smithsonian alipokea zaidi ya dola milioni 1.2 kutoka makampuni ya nishati na wenzao, na makala zake zilitajwa kwenye mikataba kama bidhaa za kukabidhiwa. Mkataba wa namna hiyo unaogopesha kuliko chanzo chenyewe cha pesa.

Serikali nayo ina namna zake za kuingilia, na mara nyingi hufanya hivyo baada ya utafiti kukamilika au kabla haujaanza. Mwaka 2005 ilifichuka kwamba Philip Cooney, ofisa wa Ikulu ya Marekani aliyewahi kuwa mshawishi wa sekta ya mafuta, alikuwa akihariri ripoti za tabianchi na kuongeza maneno ya shaka. Setilaiti iliyokusudiwa kuutazama kwa mkupuo upande wote wa dunia ulio mchana iliwekwa stoo 2001, ikarushwa 2015 kwa jina la DSCOVR. Kanada, kituo cha PEARL kule Eureka kwenye ncha ya kaskazini kilisimamisha kazi ya mwaka mzima 2012 kwa kukosa fedha. Australia 2016, mkuu wa CSIRO, shirika la taifa la utafiti, alitangaza kupunguza watafiti wa tabianchi kwa hoja kwamba swali la kama tabianchi inabadilika limeshajibiwa. Watafiti walikubaliana juu ya jibu, na makubaliano hayo yakawa sababu ya kupunguzwa kazini.

Bado kuna lile pengo la 1964. Ruzuku huwa ya miaka 3 hadi 5. Wastani wa tabianchi unahitaji miaka 30. Kupima hewa ya ukaa kwa usahihi wa sehemu 0.1 kwa milioni, kiwango ambacho Shirika la Hali ya Hewa Duniani linalenga kwa kizio cha kaskazini, kunahitaji mitungi ya gesi ya rejea iliyopimwa upya mara kwa mara dhidi ya maabara kuu iliyoko Boulder, Colorado. Mtungi usipopelekwa kupimwa, thamani yake inaweza kuhama taratibu bila mtu kujua, na baada ya miaka mitano hutofautishi hewa iliyobadilika na mtungi uliobadilika. Kazi hii haina ugunduzi wa kujivunia, kwa hiyo kwenye mashindano ya ruzuku huonekana ya kawaida tu. Pendekezo la bajeti la Ikulu ya Marekani kwa mwaka wa fedha 2026 lilitaka kuondoa fedha za maabara za tabianchi za NOAA, shirika la serikali ya Marekani la bahari na hali ya hewa, ikiwemo inayoendesha vipimo vyake vya Mauna Loa.

Kwetu Afrika Mashariki hali ni ngumu zaidi. Ripoti ya 2022 ya IPCC, jopo la kimataifa la tabianchi, inasema kati ya 1990 na 2019 utafiti kuhusu Afrika ulipata asilimia 3.8 tu ya fedha za utafiti wa tabianchi duniani, na kati ya hizo asilimia 78 zilikwenda kwa taasisi za Ulaya na Amerika Kaskazini. Taasisi za Afrika zilipata 14.5. Kituo cha Mlima Kenya, mita 3,678 juu ya usawa wa bahari, kilifunguliwa 1999. Chupa za hewa zilizokuwa zikijazwa hapo kwa ajili ya NOAA zilikoma 2011. Ukiandika andiko la kituo cha namna hiyo, kifaa kiwe mstari mmoja tu wa bajeti. Weka mistari mingine kwa ajili ya umeme na betri, mshahara wa fundi anayepanda mlimani, usafirishaji wa mitungi kwenda kupimwa na kurudi, na vipuri vya pampu. Na ombi la mwaka wa sita liandikwe mwaka wa tatu, kabla fedha hazijaisha.