Nywele za binti wa Llullaillaco

Kila mtu akisikia Wainka, wale wenye dola ya zamani kwenye milima ya Andes huko Amerika Kusini, akili inaenda Machu Picchu, mji wao wa mawe, sawa, ila mi kinachoninyima usingizi ni Llullaillaco. Hii ni volkano iko mpakani mwa Argentina na Chile, mita 6,739, na karibu kabisa na kilele Wainka walijenga madhabahu, yaani hakuna mabaki ya kale yaliyowahi kupatikana juu zaidi ya hapo dunia nzima.

Mwaka 1999 wanaakiolojia Johan Reinhard na Constanza Ceruti walipanda na timu yao wakachimba, wakakuta watoto watatu. Sio mifupa jamani, watoto kabisa, ngozi ipo, nywele zipo, baridi tu ndiyo iliyowatunza kwa miaka kama 500. Binti wa miaka 13 hivi, na wadogo wawili wa kiume na wa kike, miaka minne mitano. Yule mdogo wa kike radi ilimfuata hukohuko kaburini ikamuunguza. Pembeni yao visanamu vya dhahabu, fedha na kombe la bahari, kombe, huko juu!

Walikuwa sadaka, ibada yenyewe inaitwa capacocha, wanachaguliwa watoto wazuri wasio na kasoro wanapelekwa kwa miungu ya milima.

Sasa nywele. Nywele zinaota kama sentimita moja kwa mwezi na dalili za ulichokula zinabaki ndani yake, kwa hiyo misuko ya yule binti ni kama daftari, na wanasayansi waliisoma wakatoa majibu 2007 na 2013. Alikuwa anakula viazi zaidi, halafu mwaka mmoja hivi kabla ya kufa ghafla nyama na mahindi, chakula cha vigogo, na koka, yale majani ya kutafuna yanayochangamsha, ikaanza kupanda, halafu zile wiki za mwisho pombe ya mahindi ikapanda vibaya sana. Alikutwa na majani ya koka bado mdomoni.

Kuna wanaosema kwao ilikuwa heshima kubwa. Inawezekana kwa wazazi, kwa mfalme pia, ila mtu anayeenda kwa furaha unamlewesha wiki nzima nzima za nini? Na yule mdogo wa kiume alikutwa amefungwa kamba.

Siku hizi wako makumbusho ya Salta, Argentina, kwenye vioo vyenye ubaridi wa nyuzi 20 chini ya sifuri, wanaonyeshwa mmoja mmoja kwa zamu, na wapo wenyeji wa asili wanaopinga hilo kabisa. Mi picha ya binti nimeiangalia, kakunja miguu, kichwa kimeinama, mikono mapajani, unaweza kusema kasinzia tu akisubiri mtu amwamshe.